Sura ya Tisa: Herufi Mbili za Lifti Namba Mbili

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwa selotepu kwenye mlango wa lifti namba mbili, na kila aliyepita korido ya chini ya hospitali alilisoma apende asipende. HATARI. LIFTI HII ITUMIKE. Kati ya I na T mtu alikuwa amechomeka kwa kalamu herufi mbili zilizobanana, SI, na kimshale cha kuonyesha zinapoingia. Wino ulikuwa wa kijani.

Inspekta alilitupia jicho akapita. Kituoni walimwita mwanamke huyu Chujio, kwa tabia yake ya kuuliza swali lile lile mara nne, na tangu akabidhiwe kesi hii alikuwa amelipita tangazo hilo mara kumi na mbili. Baadaye alijilaumu kwa zote kumi na mbili.

Asubuhi hiyo mkuu wa kituo alikuwa amempigia simu kabla hajamaliza chai.

"Funga hilo faili kabla ya saa tisa. Jina lipo, saa ipo, kosa lipo. Unatafuta nini tena, cheti cha kuzaliwa?"

Kweli vyote vilikuwepo, na hilo ndilo lililomkera. Jumatano iliyopita lifti namba mbili ilikatika ghorofa ya nne ikiwa na mtu mmoja ndani, msukuma machela waliyemwita Polepole kwa sababu ndilo neno alilowaambia wagonjwa siku nzima. Alikufa pale pale, na machela tupu ikamwangukia juu. Siku mbili kabla, fundi wa lifti alikuwa amepeleka ripoti yenye sentensi moja ya maana: Lifti namba mbili isitumike hadi kamba mpya ya chuma ifungwe. Ripoti iliyopigwa muhuri na kusambazwa ilisema lifti namba mbili itumike hadi kamba mpya ya chuma ifungwe. Na kumbukumbu ya mabadiliko, ile inayotunzwa mtandaoni na kuonyesha nani kagusa nini, ilisema aliyezifuta herufi hizo mbili ni mhazili wa Mkurugenzi, Jumanne, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi.

Mhazili alikuwa amewekwa chumba cha masjala, kati ya makabati ya mafaili, apate utulivu wa kuandika maelezo yake. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, miwani shingoni kwa kamba, na hospitali nzima ilimwita Mama Chapa tangu enzi za taipureta. Mbele yake palikuwa na karatasi yenye mstari mmoja tu. Chujio aliusoma akiwa amesimama. Ni mimi niliyebadilisha ripoti ya lifti.

"Unakumbuka ulivyofanya?"

"Sikumbuki, afande."

"Sasa unaandika nini?"

"Kompyuta imesema ni mimi. Nimeitumia miaka yote hii, haijawahi kunisingizia." Alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya kitenge. Macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajapata usingizi wa maana tangu Jumatano. "Ilipoingia Jumatatu asubuhi niliisoma. Nakumbuka kabisa, isitumike. Jumanne nikaichapa, nikapiga muhuri wa sahihi ya Mkurugenzi, nikaigawa. Sikuisoma tena. Mtu unaisoma barua mara ngapi?"

"Polepole ulimjua?"

"Ndiye aliyekuwa ananipandishia chai. Ananiambia, dada, kunywa polepole, inaunguza." Alitafuta kitu cha kushika, akashika bahasha. "Na hii soma, kwa sababu ni lazima nicheke na kitu. Barua yangu ya kusimamishwa kazi. Hata kunifukuza hawajui kuandika."

Chujio aliifungua. Ilikuwa ya Ijumaa, fupi, imejaa kiburi. Aya ya mwisho ilisema: Kuanzia leo akaunti yako ya kompyuta itumike bila kibali changu cha maandishi.

"Miaka ishirini na sita nasahihisha maneno yake," Mama Chapa alisema. "Nimekaa pembeni siku mbili tu, ona."

Chujio aliitia barua kwenye faili lake. Akilini alikuwa ameshafika kwa mtaalamu wa kompyuta.

"Kalamu iweke chini," alisema. "Usiongeze hata nukta mpaka nirudi."

Mtaalamu wa kompyuta alikuwa bwana mwenye kitambi na funguo nyingi kiunoni, na kila mtu alimwita Waya. Alimpokea Chujio kwenye chumba chenye baridi kama jokofu, akampa karatasi ile ile aliyompa siku ya kwanza.

"Ni ile ile, afande. Haijabadilika."

"Najua. Nataka unisomee kana kwamba sijui kusoma."

Waya aliguna, akaweka kidole. "Jumatatu saa tatu asubuhi, fundi anaweka ripoti mtandaoni. Jumanne saa nne na arobaini na mbili, mabadiliko. Jina, mhazili. Basi."

"Alifuta herufi ngapi?"

"Mbili."

"Hapa pameandikwa mbili?"

Waya aliinamia karatasi. "Hapa pameandikwa faili zima limebadilishwa. Mbili tumeziona tulipolinganisha."

"Kuna tofauti?"

"Ipo. Ukiandika mtandaoni moja kwa moja, tunakuona herufi kwa herufi. Hili lilikuja kwa mkupuo. Maana yake mtu aliifungua ripoti kwa ile programu ya kuandikia iliyo ndani ya kompyuta ya mezani, akaihifadhi, kiunganishi kikaipandisha mtandaoni."

"Kiunganishi ndio nini?"

"Ni ka-programu tulikafunga mwaka jana. Wakubwa walikataa kuacha programu yao ya zamani, na wadogo walikuwa wameshahamia mtandaoni. Kenyewe kanaunganisha hizo mbili. Unaandika huku, kanapeleka kule."

"Na kanapeleka kwa jina la nani?"

"La akaunti iliyofunguliwa kwenye kompyuta hiyo. Hakaulizi nani amekaa kitini."

Chujio aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa, kisha akainua kichwa. "Akaunti ya Mama Chapa imefunguliwa kwenye kompyuta ngapi?"

"Hilo hamkuniuliza."

"Nakuuliza sasa."

Waya alikuna shingo. "Tatu. Yake, ya masjala na ya Mkurugenzi. Usinitazame hivyo, mama. Kwenye mafunzo alihudhuria mhazili peke yake. Nilipokwenda kwa Mkurugenzi nikamwomba achague pasiwedi, akaniambia weka ya mhazili, mimi sina muda wa mambo ya watoto. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza ulitaka jina, nikakupa jina."

Lilikuwa jibu la ukweli na lilimchoma. Chujio alilimeza, akauliza la mwisho. "Ile saa nne na arobaini na mbili. Ndiyo saa mtu aliyoandika?"

"Ndiyo saa ilipofika mtandaoni. Jumatatu mchana mtandao ulikatika jengo zima, ukarudi Jumanne saa nne na nusu hivi. Chochote kilichohifadhiwa kilikuwa kimepanga foleni."

Kwa hiyo saa haikuwa saa na jina halikuwa jina. Siku nne nzima mwanamke wa watu alikuwa akilala na hatia iliyojengwa kwa vitu viwili hivyo.

Fundi wa lifti alikuwa kwenye karakana nyuma ya jengo la kufulia, akisafisha spana ambayo ilikuwa safi tayari. Tangu mwanzo Chujio alikuwa na wasiwasi naye. Alikuwa na ugomvi wa muda mrefu na Mama Chapa, aliyekuwa akimrudishia ripoti kwa ajili ya mkato na nukta, na ni rahisi mtu kuandika vibaya kisha akajiosha. Lakini ripoti yake ilikuwa imefika mtandaoni Jumatatu saa tatu, mtandao ukiwa hai, na zile herufi mbili, SI, zilikuwemo. Hapo alikuwa msafi. Palikuwa na jambo jingine.

"Jumatatu uliizima lifti," Chujio alisema. "Nani aliiwasha?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Jumanne saa sita nililetewa karatasi ina muhuri. Imeandikwa itumike."

"Na wewe ndiye uliyeandika isitumike."

"Ndiyo."

"Uliisoma?"

"Niliisoma." Spana ilisimama mikononi mwake. "Nikadhani wakubwa wameamua. Labda wameita mtaalamu mwingine. Afande, hapa mimi nimeandika ripoti tatu kuhusu ile kamba. Mbili hazikujibiwa. Ya tatu imerudi na muhuri. Nikajiambia mwenye nguvu mpishe."

"Ungepiga simu."

"Ningepiga simu," fundi alikubali, na akaanza tena kuisugua ile spana.

Chujio alirudi kwa njia ya korido ya chini, ana hasira na watu wazima wote waliokuwa na macho na hawakuyatumia. Alipofika kwenye lifti namba mbili, mzee mmoja mwenye mkongojo alikuwa amesimama akilisoma tangazo.

"Sasa hii, mwanangu, itumike au isitumike?"

"Isitumike, mzee. Soma na hiyo ya kijani."

Maneno yalipomtoka ndipo aliposimama. Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Itumike. Alifungua faili, akatoa barua ya Mama Chapa, akaiweka kando ya tangazo. Itumike. Neno lile lile, limepungua pale pale, kwenye karatasi tatu: ripoti, barua na tangazo. Mara moja ni bahati mbaya. Mara ya pili ni uzembe. Mara ya tatu kuna kitu kinazila hizo herufi. Na chini ya barua sahihi ilikuwa ya kijani.

Alilibandua tangazo taratibu, akamwandikia mzee jingine kwa mkono nyuma ya karatasi ya daftari, akarudi masjala karibu mbio.

"Tangazo la lifti uliliandika wewe?"

"Hapana," Mama Chapa alisema. "Jumatano nilimsindikiza mke wa Polepole mochwari. Sikurudi ofisini."

"Na barua yako?"

"Afande, nani anajiandikia barua ya kujifukuza? Ofisi ile ina mwandishi mmoja. Nisipokuwepo, bosi anadonoa mwenyewe, vidole viwili."

"Ripoti zikiwa mtandaoni, yeye anazigusa?"

"Anazisafisha. Hapendi mistari myekundu. Ile kompyuta imefundishwa Kiingereza, kila neno letu inalipigia mstari. Yeye anasema ripoti yenye mistari myekundu inavuja damu. Basi anapita neno kwa neno, hili anaiambia ilijue, hili anabonyeza ibadilishe, mpaka ukurasa uwe mweupe. Mimi naikuta imesafishwa."

Chujio alivuta kiti kwenye kompyuta ya masjala, akafungua programu ya kuandikia, akaandika: isitumike. Akabonyeza nafasi. Neno lilibaki zima, na mstari mwekundu chini yake. Alikwenda kwenye kompyuta ya Mama Chapa, akafanya vivyo hivyo. Neno zima, mstari mwekundu. Ilikuwa saa nane kasoro robo. Alipanda ngazi, ghorofa tano, kwa sababu lifti namba moja ilikuwa na foleni ya wagonjwa.

Mkurugenzi alimpokea kwa ukarimu wa mtu anayejua unaondoka karibuni. Alikuwa na suti nzuri na meza pana, na kalamu moja tu juu yake.

"Nimesikia mnafunga leo. Inaniuma, unajua. Yule mama ni kama dada yangu."

"Nimebakiza maelezo yako. Ungeniandikia mistari miwili tu kwenye kompyuta yako hiyo? Mwandiko wangu mbaya, nitachapa na kuondoka."

"Niandike nini?"

"Kwamba baada ya ajali uliagiza lifti isitumike."

Alivuta kibodi. Alidonoa kwa vidole viwili, kama alivyosema Mama Chapa, na Chujio alisimama nyuma ya bega lake. Baada ya ajali niliagiza lifti isitumike. Kidole kimoja kiligonga nafasi, na neno likajikunja mbele ya macho yao wote wawili. Itumike. Hapakuwa na mstari mwekundu wala kengele. Ukurasa ulikuwa mweupe kabisa.

Alichokitazama Chujio ni uso wa Mkurugenzi. Haukushtuka.

"Hii mashine," Mkurugenzi alisema. "Ina matatizo yake."

"Umeifundisha wewe. Itumike uliiambia ilijue, kwa sababu kila agizo lako lina itumike. Isitumike haikuijua. Ukaletewa ripoti ya lifti, ukaona mstari mwekundu, ukaiambia badilisha, na ufanye hivyo daima. Ilitii. Ni hapa tu. Kule chini neno linabaki zima, nimejaribu."

"Jumanne sikuwepo hata mjini. Waulize uwanja wa ndege."

"Jumanne mtandao ulirudi. Uliisafisha Jumatatu mchana kabla hujasafiri, ikasubiri foleni, ikapanda kwa jina la mhazili wako. Jina ulilochagua wewe, kwa kuwa hukuwa na muda."

Mkurugenzi aliegemea kiti. Alikuwa mtu wa vikao, na alijua kuchagua mlango wa kutokea. "Sawa. Tuseme ndivyo. Basi ni hitilafu ya kompyuta. Herufi mbili, inspekta. Hakuna aliyekusudia. Nitafurahi sana yule mama akirudi kazini. Andika hitilafu, na mimi nitaweka sahihi."

"Mpaka Jumatano asubuhi ningeandika hivyo," Chujio alisema.

Alilitandaza tangazo juu ya meza, karibu na ile kalamu.

"Hii SI ni mwandiko wa nani?"

Mkurugenzi aliisogeza kalamu mbali na karatasi.

"Ulikuwa umesharudi safari, na Polepole alikuwa hajapoa. Ukaandika tangazo hapa, ukalichapa, ukaona mashine yako imekula herufi mbili. Ukachukua kalamu ukazirudisha. Ulijua palepale ripoti iliharibikia wapi. Hiyo ni Jumatano. Ijumaa ukamwandikia mwanamke barua kwamba ameua mtu." Alitoa barua, akaiweka juu ya tangazo. "Na kwa haraka hukuisoma. Ona ulichokiandika. Akaunti yako itumike bila kibali changu. Ndicho ulichokuwa ukikifanya mwaka mzima."

"Nina hospitali ya kuendesha," Mkurugenzi alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza haikuwa ya kikao. "Vitanda mia tatu. Unadhani ningewaambia nini, kwamba niliharibu kwa kusafisha? Yeye ni mhazili. Angepewa onyo, angestaafu mapema, yangeisha."

"Alikuwa anaandika kwamba ameua."

"Sikumwambia aandike hivyo."

Chujio alijua kwamba akimjibu angetukana. Alichukua ile kalamu ya kijani, akaitia kwenye mfuko wa ushahidi, akamwita Waya kwa simu aje aichomoe kompyuta, kisha akampigia mkuu wa kituo. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho.

"Mkurugenzi," alisema taratibu. "Una uhakika huwezi kuandika hitilafu?"

"Nina uhakika."

"Utajuta."

"Nimeshaanza kujuta, mkuu. Nimepita pale mara kumi na mbili."

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano aliposhuka masjala. Mama Chapa alikuwa ameketi vile vile, mikono mapajani, kalamu chini kama alivyoagizwa. Alimtazama Chujio mlangoni kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

"Si wewe," Chujio alisema.

"Rudia."

"Si wewe, Mama Chapa. Ni kompyuta ya bosi wako, na mkono wake. Na alijua."

Mama Chapa alivaa miwani. Aliivuta ile karatasi yake, akausoma ule mstari mmoja kama alivyosoma barua za wengine miaka ishirini na sita, midomo ikicheza. Kisha akakata Ni, na juu yake, kwa mwandiko mzuri wa shule za zamani, akaandika Si. Alikaa akizitazama hizo herufi mbili kwa muda mrefu, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

Chujio alidhani ni ya nafuu, akamwekea mkono begani.

"Nilizisoma Jumatatu," Mama Chapa alisema. "Zilikuwepo. Jumanne kama ningeisoma tena, mara moja tu, afande, ningeona hazipo. Muhuri niliupiga mimi. Huo nao utausahihisha vipi?"

Chujio aliuacha mkono wake begani. Juu yao lifti namba moja ilisimama, ikafungua mlango, ikaendelea kupanda.